Damu Iliyopita Njia ya Mkato

Shoto alikuwa bingwa wa mizaha, na ndiyo maana siku mdomo wake ulipokwenda upande, dada yake alianza kwa kumgombeza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa chai. Dada mtu alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba tatu za wageni, na chumba chake cha nyuma kilikuwa cheupe kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Shoto, mchora mabango, hakupitisha siku bila kunywa chai hapo kabla ya kwenda kuegemeza ngazi yake kwenye kuta za maduka. Jina lake lilitokana na mkono wake wa kushoto. Ndio ulioshika brashi, na mtaa mzima uliujua kwa herufi zake nene, zilizosimama wima kama askari kwenye gwaride. Siku hiyo alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, akawa anasimulia habari za mwenye bucha aliyetaka achorewe ng'ombe anayecheka. Katikati ya maneno, chai ikamtoka pembeni mwa mdomo, ikachuruzika kidevuni, ikadondokea shuka lililokwisha kunyooshwa.

"Wewe!" dobi akafoka. "Miaka arobaini kasoro miwili na bado unakunywa kama mtoto wa chekechea! Hebu ondoka kwenye mashuka ya watu!"

Shoto akatabasamu. Tabasamu lilikuja upande mmoja tu. Akasema kitu, lakini maneno yalitoka yamelegea, kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kikombe kikamponyoka.

"Acha utani, mdogo wangu," dobi akasema, na sauti ilikuwa tayari imemshuka. Akamshika mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito, kama kitu kisicho na mwenyewe.

Fundi cherehani wa mlango wa pili ndiye aliyesaidia kumbeba hadi kwenye teksi. Njia nzima dobi alimpakata mdogo wake kichwa, na kila alipomtazama alikumbuka kwamba neno lake la kwanza lilikuwa la kutetea shuka.

Hospitalini hawakuchelewa. Picha ya kichwa ilionyesha kiharusi: donge dogo la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kulia wa ubongo. Walimpa dawa, wakamlaza, wakaanza kutafuta donge limetoka wapi. Walipima presha, ikawa nzuri kuliko ya wauguzi wenyewe. Sukari haikuwa na tatizo. Mishipa ya shingo ilikuwa safi, na moyo uliosikilizwa usiku na mchana kwa mashine ulidunda sawasawa bila kuruka pigo. Shoto hakuvuta sigara. Pombe aliionja kwenye harusi za watu, tena kwa kulazimishwa.

"Wakati mwingine hatupati sababu," daktari wa wodi alimwambia mke wa Shoto kwa upole. "Tunachoweza ni kumkinga na kingine."

Walirudi nyumbani na dawa kwenye bahasha. Mdomo ulikuwa umeanza kurudi mahali pake, na maneno yalieleweka. Mkono ulibaki goigoi. Kila jirani akageuka daktari: huyu kitunguu saumu, yule maji ya uvuguvugu, mwingine akasema ni kupanda ngazi kupita kiasi, damu inashukia miguuni. Mke wa Shoto alisikiliza wote, akashukuru wote, na hakufanya hata moja.

"Wifi," alimwambia dobi wakiwa jikoni, "ningejua ni nini, ningepigana nacho. Sasa nipigane na nani?"

Dobi alitoa kwenye mfuko wa aproni kitambaa chake, akajifuta pua.

Kitambaa hicho kilikuwa chekundu, na kilikuwa chekundu kwa sababu. Tangu akiwa msichana, dobi alitokwa na damu puani bila kupigwa wala kujikwaa, mara mbili au tatu kwa wiki, na mtu wa kazi yake, aishiye katikati ya mashuka meupe, hawezi kutembea na kitambaa cheupe. Hakuona ni ugonjwa. Mama yao alikuwa hivyo hivyo, na babu mzaa mama vilevile. Shoto mwenyewe hutokwa, ingawa si sana. Nyumbani kwao walisema, "Sisi damu yetu ni nyepesi," kama wengine wanavyosema sisi ni warefu. Mama yao alifariki akiwa na miaka hamsini na mmoja, kwa maumivu ya kichwa ya siku tatu ambayo hakuna aliyewahi kuyaeleza.

Mazoezi ya mkono yalikuwa Jumanne na Ijumaa, katika chumba kirefu cha hospitali chenye vioo, vyuma vya kushikilia na mipira mikubwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye viatu vya raba na kalamu sikioni. Shoto alimbatiza Sajini siku ya kwanza, na yeye akalipokea jina hilo bila kucheka wala kukasirika.

Ijumaa ya pili dobi ndiye aliyempeleka, wifi akiwa kazini. Sajini alimlaza Shoto kwenye kitanda cha mazoezi, akamnyoosha bega, akamkunja kiwiko. Kisha akamwambia akae. Akakaa, akavuta pumzi mara tatu nne za harakaharaka. Akamwambia alale tena, pumzi ikatulia.

Sajini akasimama. "Hebu kaa tena."

"Sajini, nitachoka kabla ya vita."

"Kaa."

Akakaa. Sajini akamwangalia kucha, akaenda kabatini, akarudi na kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Akasubiri. Themanini na saba. Akamlaza, akasubiri tena. Tisini na tano. Akakivua, akakitikisa, akabadilisha betri. Akamkalisha kwa mara ya tatu. Themanini na sita.

"Ni kidude kibovu?" dobi akauliza.

Sajini akajibana mwenyewe kidoleni. Tisini na tisa. Akambana dobi. Mashine ikaonyesha tisini kamili, na Sajini akaitazama kidogo zaidi kuliko ilivyostahili, lakini dobi alikuwa ameshaurudisha mkono wake.

"Mtu mwenye shida ya kifua hutaka kukaa," Sajini akasema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Ukimlaza, anahema. Huyu ni kinyume. Akilala yuko sawa, akikaa pumzi inapungua."

"Mimi mvivu tangu kuzaliwa," Shoto akasema. "Muulize dada. Kulala ndiyo fani yangu, mabango ni kibarua tu."

Sajini hakucheka. Alichukua kalamu sikioni, akaandika nusu ukurasa, akaukunja. "Msiende nyumbani. Mpelekeeni karatasi hii daktari wa kifua, chumba namba kumi na mbili. Mwambieni nimesema aisome yote."

Daktari wa kifua alikuwa bibi wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba. Aliisoma karatasi yote. Akaisoma tena. Kisha akamwambia Shoto avue shati, akamsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, chini upande wa kulia, akimwambia avute pumzi na aishikilie.

"Kuna mvumo hapa," akasema. Akaja mbele, akavaa miwani, akamsogezea uso karibu. "Toa ulimi."

Kwenye ulimi na kwenye mdomo wa chini palikuwa na madoa madogo mekundu, kama mtu aliyechomwachomwa na ncha ya sindano. Daktari alilibonyeza moja kwa kipande cha kioo, likapotea. Alipoachia, likarudi.

"Haya umekuwa nayo tangu lini?"

"Hayo? Ni ya ukoo, daktari. Tumegawiwa kama urithi. Wengine walipewa mashamba."

"Unatokwa damu puani?"

"Mara mojamoja. Lakini kwa hilo bingwa wetu ni..." Shoto akageuka kumtazama dada yake. Dobi alikuwa amesimama mlangoni, mkono umekwisha kwenda mdomoni. Midomo yake yeye ilikuwa na rangi nyekundu iliyokolea, aliyoipaka kila asubuhi kwa miaka ishirini kabla hata ya kuwasha pasi, na watu walidhani anapenda kujipamba.

"Na wewe, mama, njoo karibu nione," daktari akasema.

"Mgonjwa ni yeye," dobi akajibu. "Mimi nimemsindikiza tu."

Daktari akamtazama, akaandika.

Kipimo kilifanyika Jumatatu. Waliwaruhusu dobi na wifi yake wakae pembeni. Shoto alilala kwa ubavu, mashine ya kupigia picha za moyo imegusishwa kifuani, na kwenye skrini moyo wake ulionekana ukifunguka na kujifunga, vyumba vya kulia na vya kushoto. Daktari alichukua mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa, yenye maji ya chumvi na hewa kiduchu, akawa anayasukuma huku na huku mpaka maji yakawa na povu laini.

"Si mnasema hewa kwenye mshipa ni hatari?" wifi akauliza, ameushika mkono wa dobi.

"Ndiyo, na huyu hasa, kwenye dripu zake lazima tuwe macho. Lakini hii ni kidogo mno. Angalieni. Povu likiingia mkononi linafika upande wa kulia wa moyo, hapa. Kutoka hapo linakwenda mapafuni, na mapafu ni kama chujio la chai, yanalizuia lote. Upande wa kushoto hautakiwi kufika hata tone."

Akasukuma. Mara upande wa kulia wa moyo ukajaa vitone vyeupe vinavyometameta. Dobi, mtu wa sabuni, alilijua povu alipoliona. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi, mtupu. Daktari alihesabu mapigo kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kwenye pigo la tano, povu likachomoza upande wa kushoto, likajaa.

Shoto akageuza kichwa kuitazama skrini.

"Lingetokea mara moja, ningesema tundu liko moyoni," daktari akasema. "Limechelewa, maana yake limezunguka mapafuni likapata njia ya mkato. Na penye njia ya povu, donge la damu nalo linapita. Likipita huko, kituo kinachofuata ni ubongo."

Picha ya kifua ya siku iliyofuata ilimaliza ubishi. Chini ya pafu la kulia palikuwa na fundo la mishipa, nene kama kidole gumba: damu ilitoka mshipa mmoja ikamwagika moja kwa moja kwenye mwingine, bila kupita kwenye vimishipa vyembamba vinavyochuja na kuipa hewa. Mtu akikaa, damu nyingi zaidi huelekea chini ya mapafu, kwenye fundo lenyewe, ndiyo maana pumzi ilimpungua. Fundo hilo alizaliwa na mbegu yake, daktari alisema, na mbegu hiyo hutembea katika familia pamoja na zile damu za puani na yale madoa.

Wifi mtu alilia pale pale kwenye kiti, kwa furaha. "Sasa ninamjua," alisema. "Sasa ninajua ninapigana na nani."

Walimpeleka kwenye hospitali kubwa zaidi, mji mwingine. Huko hawakumpasua kifua. Walimtia ganzi kwenye kinena, wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi pafuni, na kwenye mdomo wa lile fundo wakashindilia vijiwaya laini vya kujikunja mpaka damu ikakosa pa kupita. Saa moja na nusu. Shoto alikuwa macho, akimuuliza fundi wa mashine kama wanatumia waya wa shaba au wa alumini. Jioni ile, akiwa amekaa, kidude cha kidoleni kilisoma tisini na saba. Mkewe alikipiga picha.

Aliporudi, daktari wa kifua alimpa masharti machache: asisahau miadi, na siku akienda kung'oa jino ameze kwanza dawa ya kuzuia vijidudu, maana vijidudu navyo hupenda njia za mkato kwenda kichwani. Kisha akaongeza, "Ndugu wa damu wote wapimwe. Dada yako kwanza."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Dobi alikuwa na sababu kama uzi kwenye kigurudumu. Wiki hii nyumba ya wageni ina ugeni wa mkutano. Wiki ijayo mashine ya kukamulia ina hitilafu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, amezoea kupumzika mara mbili akibeba kapu moja kutoka kwenye kamba ya kuanikia hadi mezani, na alikuwa ameamua kuwa huo ni umri. Ukweli aliujua usiku na mchana: aliogopa. Wifi yake alipata adui akafurahi. Yeye alihisi kwamba kisichotajwa hakina nguvu. Alimkumbuka mama yake akishika kichwa kwa siku tatu, na kila alipomkumbuka aliongeza moto wa pasi.

"Ukitafuta utapata," alimwambia Shoto.

"Na usipotafuta, kitakutafuta chenyewe. Mimi kilinikuta nakunywa chai."

"Niache, bwana. Kafanye mazoezi yako."

Akaenda kufanya mazoezi. Alhamisi moja dobi alifika kazini na kukuta watu watatu wamesimama mbele ya mlango wake wakicheka. Juu ya kitasa palining'inia kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, na juu yake maandishi ya bluu:

LEO DOBI HAYUPO. AMEKWENDA KUPIMWA MAPAFU. KAMA MNAMWONA HAPA, MFUKUZENI.

Herufi zilikuwa mbovu. Zilipanda na kushuka, M ilikuwa na miguu mitatu ya urefu tofauti, na rangi ilikuwa imechuruzika mahali ambapo mkono ulitetemeka. Shoto aliyekuwa akifuta ukuta mzima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa vibaya alikuwa ameandika haya kwa mkono wa kushoto, mkono ule ule, na akayatundika hadharani mtaa uyasome.

Dobi alipandwa na hasira. Akanyoosha mkono akitungue kibao. Akaziona herufi kwa karibu, akaushusha.

"Umesikia amri, jirani," fundi cherehani akasema. "Tukufukuze au unakwenda mwenyewe?"

Akacheka, machozi yakimtoka. Akaacha kibao palepale, akaenda.

Alikuwa na mafundo mawili. Moja lilikuwa dogo. La pili, pafu la kushoto, lilikuwa karibu maradufu ya lile la mdogo wake. Daktari alimwonyesha picha, akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini kwamba katika miaka yake yote hajui kwa nini lilimvumilia dobi kiasi hiki, na kwamba damu yake ilikuwa pungufu kwa sababu ya pua, hivyo atamwanzishia vidonge vya madini ya chuma leo leo.

"Mama yetu," dobi akauliza, "alikuwa na hili?"

"Siwezi kujua, mama. Lakini inawezekana."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule alihisi kitu kikilegea ndani yake. Mama yake hakuwa amekufa kwa sababu ya kitu kisicho na jina.

Naye walimziba mafundo yake, kwenye hospitali ileile kubwa, siku mbili tofauti. Baada ya siku ya pili kifua kilimuuma kidogo upande wa kushoto, wakamwambia ni kawaida. Shoto alikaa kando ya kitanda chake akimenya chungwa kwa mkono wa kushoto, taratibu, ganda likikatikakatika.

"Siku ile," dobi akasema, "nilikugombeza kwa sababu ya shuka."

"Nakumbuka. Lilikuwa shuka zuri."

"Nakwambia kweli. Ungenisikiliza ukaenda zako, ungeangukia barabarani. Na kama usingeugua wewe..." Akashindwa kumalizia. "Umenitangulia kuugua, mdogo wangu. Mimi ndiye mkubwa, nilitakiwa kukutangulia kwa kila kitu. Asante."

Shoto akamtilia kipande cha chungwa mdomoni. "Ukianza kunishukuru nitajua kweli hali yako ni mbaya," akasema, lakini alikuwa ameinamisha uso.

Watoto wawili wa dobi walipimwa. Binti alikuwa hana kitu. Mvulana alikuwa na kifundo kidogo sana cha kuangaliwa tu kila baada ya miaka michache. Mtoto wa Shoto bado mdogo, zamu yake itafika.

Ijumaa moja ndugu wawili walikwenda kwenye chumba kirefu chenye vioo. Dobi hakuwa amejipaka rangi ya midomo. Alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazito, kuhusu karatasi ya nusu ukurasa na familia nzima. Alipomwona Sajini na kalamu yake sikioni, yote yakayeyuka. Akamkumbatia tu. Sajini akasimama kama mlingoti, mikono chini.

"Mimi nilibadilisha betri tu," akasema.

"Wengine wangetupa kidude," dobi akasema.

"Nilitaka kukitupa." Sajini akakohoa. "Saa ilikuwa imekwenda, nilikuwa na wagonjwa wanne nje. Halafu nikakubana na wewe, nikaona tisini. Nikasema, hawa ndugu wawili wamekuja na jambo. Nililiandika na lako chini ya karatasi. Hukusoma?"

Hawakusoma. Ndiyo maana daktari alikuwa amemwita siku ile, mama, njoo karibu nione. Dobi akataka kusema asante nyingine, Sajini akamkatiza kwa kiganja. Nyuma yake, kati ya vyuma viwili vya kushikilia, alisimama mwalimu mstaafu, mama mrefu mwembamba, mguu wake mmoja ukitetemeka.

"Kama mmekuja kushukuru, msisimame bure," Sajini akasema. "Dada, mshike mwalimu kiuno upande huu. Shoto, wewe mbele, mpe huo mkono wako wa kushoto aushike. Usiukaze. Mwalimu, tunakwenda hatua sita. Leo hakuna vyuma."

Mwalimu akaushika mkono wa Shoto, akamtazama usoni kwa wasiwasi. "Una nguvu wewe?"

"Za kutosha hatua sita, mwalimu," Shoto akasema. "Ya saba tutaanguka wote."

Mwalimu akacheka, na katika kicheko hicho mguu wake ukatangulia wenyewe. Dobi alihisi uzito wa mama yule ukimwegemea ubavuni, uzito halisi, wa joto, na pumzi yake mwenyewe ikaingia hadi chini kabisa bila kukwama. Akasogeza mguu sambamba na wa mwalimu, akaanza kuhesabu kwa sauti.